Vigingi vya Nyabitare

Kidahwe, huku mlimani
11 Juni 2023

Mwakeye, salamu ya kwetu usiisahau, mke wangu wa ofisini,

Sisi wazima. Bibi yako Agnesi naye mzima, ila mdomo wake unaujua: akisema neno Jumatatu anapumzika mpaka Jumapili. Barua hii anakuletea yeye akishuka sokoni Ujiji na asali. Habari ya simu usinitajie. Niliongea na simu mara moja tu, na mjomba wako, na kabla mjomba wako hajanijibu, Adolf akanijibu yeye kutoka ng'ambo ya korongo. Eti alisikia kila kitu. Karatasi haipigi kelele.

Sasa nieleze, wewe uliyekula shule mpaka ikaisha. Juzi ndege yenu imekuja. Imepita juu ya msitu wetu wa Nyabitare, ikaenda mpaka kule, ikageuka, ikarudi pembeni kidogo ya ilipopita, ikageuka tena. Asubuhi nzima, kama fundi anayepiga lipu nyumba isiyo yake. Wanawake wameacha kuanika mihogo. Adolf, kwa kuwa ni mwenyekiti wa kamati ya msitu, akavaa koti na jua lile, akasimama kiwanjani akidhani itatua imsalimie. Haikumpungia hata bawa. Wanasema inapima miti. Mti unapimwa kwa kukumbatiwa, mjukuu wangu. Huko juu utaona nini zaidi ya nywele?

Na huyo mtu wenu Eliakimu, yule mrefu wa Moshi, aliyetangulia mbele ya ndege na dubwana lake la miguu mitatu. Alipiga vigingi vyekundu huko msituni. Kila kigingi anasimamisha dubwana, anakaa pembeni kama kuku anayeatamia, eti ananasa setilaiti. Nikamwambia mimi nimenasa chui na sikukaa muda huo. Lakini ubaya sio huo. Ubaya ni mahali alipopiga. Kimoja juu ya kichuguu. Kingine kwenye majivu, pale moto ulipopita. Kingine kwenye vichaka ambavyo hata mbuzi wa Adolf anavisusa. Msitu wote ule, mininga yote ile, yeye anachagua aibu. Hivi mgeni akija kwako unamkalisha kwenye kigoda au kwenye banda la mbuzi?

Nyabitare naijua mimi. Ujanani nilipanda mninga mmoja kufuata nyuki. Nilianza kupanda sina ndevu, nafika juu ndevu zimeota. Nikatupa jicho ng'ambo ya ziwa, nikawaona watu wa Kalemie wanakula ugali na migebuka, na mmoja aliponiona akafunika sufuria. Ndege yenu imeona hilo?

Ni mimi babu yako,
Gervasi, mfalme wa nyuki
(bibi yako anataka niandike mfalme wa maneno, nimekataa)


Buzebazeba
15 Juni 2023

Shikamoo Babu,

Barua imefika, inanuka asali na uongo. Huyo mtu wa Kalemie mwaka juzi alikuwa anakukaribisha chakula, sasa anafunika sufuria. Kila ukisimulia anazidi kuwa mchoyo.

Kuja siwezi. Nimekatazwa kukanyaga Kidahwe mpaka mpango wa kuusimamia msitu upitishwe na mkutano wa kijiji, kwa sababu huko ni kwetu na hesabu nazifanya mimi. Wanaogopa nitapendelea. Hawajui kwamba nikija wewe ndiye utakayeninyima usingizi.

Ndege ile haipigi picha, Babu. Inarusha chini mwanga unaitwa leza, vijimwanga vingi kuliko mvua. Kimoja kinagonga jani la juu, kingine kinapenya matawi mpaka ardhini. Chombo kinajua kila kimoja kimesafiri umbali gani. Ukiutoa umbali wa jani la juu kwenye ule wa ardhi, unapata urefu wa mti. Hata nyumba ya mchwa inaonekana, hata wewe ulionekana kama ulikuwa umesimama.

Na vigingi hakuchagua Eliakimu. Kompyuta ndiyo inavitawanya, bila kutazama uzuri wa mahali, kwa sababu tunataka kuujua msitu wote, na vichuguu ni msitu. Leza inajua urefu, unene wa shina haijui. Kwa hiyo mwezi wa nane watakuja vijana wengine, wapime kwa kamba miti inayozunguka kila kigingi. Halafu mimi naifundisha kompyuta: ndege ikiona hivi, chini kuna mbao hivi. Vigingi vichache hivyo vinaisemea Nyabitare nzima.

Nimewaambia wakuchukue uwaongoze. Sio kwa ajili ya akili zako, ni kwa ajili ya miguu yako. Wafikishe kwenye vigingi, kisha unyamaze.

Mjukuu wako,
Christina


Kidahwe
27 Agosti 2023

Mwakeye, mwalimu wa kompyuta,

Wanafunzi wako wamekuja na wameondoka. Vijana wanne, viatu vizuri, miguu ya kuku. Kilima cha kwanza tu, mmoja akaniuliza kama huku kuna bodaboda. Nikamwambia ipo, kaa hapo uisubiri, na kweli akakaa.

Walikuja na simu zenye ramani. Nikawaambia zifungeni, zinamaliza moto bure, ramani ya hapa ni mimi. Mbona walishukuru. Chini ya majani yale simu zenyewe zilikuwa zinatapatapa, mara ziseme tupo Kasulu, mara ziseme tupo ziwani. Basi nikatangulia na panga, wao nyuma, bibi yako nyuma yao na beseni la viazi. Kila kigingi nilichowafikisha walifungua midomo. Pale kwenye mninga mkubwa kamba haikutosha. Wameiunga. Mmoja akasema, "Babu, hii ni hazina." Nikamwambia hiyo ni fito, miti hamjafika bado.

Wewe uliniandikia eti vigingi vichache vinaisemea Nyabitare nzima. Nikakaa nikafikiri. Mtu akienda kuwasemea ndugu zake kwa wakubwa, anapelekwa mlevi au anapelekwa mwenye koti? Hata Adolf analijua hilo, na Adolf hajui mengi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Wageni wako wamekalishwa kwenye kigoda, wala hawakuliona banda la mbuzi. Eliakimu wako akae akijua kazi yake mbovu imepata mtu wa kuinyoosha.

Ofisini waambie yule mzee aliyewaongoza ni babu yako. Usione haya.

Gervasi, ramani ya Nyabitare


Buzebazeba
19 Januari 2024

Shikamoo Babu,

Nakuandikia nikiwa nacheka peke yangu, mwenye nyumba ananichungulia.

Hesabu zimetoka. Nyabitare imezipita hifadhi zote za vijiji tulizopima. Mkuu wangu wa kazi alirudia kuangalia, akavua miwani, akasema, "Huko Kidahwe mmeficha nini?" Miaka yote nimekaa kwenye mkeka wako nikisikiliza mininga yako inayogusa mbingu, nikasema huyu mzee anatudanganya ili tulale. Mara hii, Babu, hukudanganya. Nimekuvulia kofia mbele ya ofisi nzima, na nimewaambia ni babu yangu kama ulivyotaka.

Rasimu ya mpango imeandikwa. Kwa msitu tajiri hivyo, kijiji kinaruhusiwa kuvuna, na mapato yataezeka zahanati. Nimemtumia Adolf nakala. Mkutano wa kijiji ni baada ya masika kupamba moto, mwezi wa nne.

Bibi nimempa kitenge, mwambie asikifiche sandukuni.

Christina


Kidahwe
4 Februari 2024

Mwakeye, mke wangu mwenye akili,

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimeisoma kanisani nje, nimeisoma kwa muuza chumvi, nimempelekea Adolf nyumbani kwake nikamsomea kwa sauti, kwa sababu miwani yake ni ya kuvaa tu. Imezipita zote. Nikamwambia, Adolf, wewe ni mwenyekiti wa msitu, hebu niambie ni nani aliyeutunza huo msitu wakati wewe unatunza koti. Alikunywa maji.

Hata ndege nimeisamehe. Nasema ni dege jinga lakini limelelewa vizuri.

Neno moja tu limenikwama. Umeandika kuvuna. Mahindi yanavunwa, asali inavunwa, na mwakani vinakuja tena. Nikamuuliza Adolf mti unavunwaje, akaonyesha kwa mkono, hivi, kama mtu anayepiga msumeno. Akasema mzigo ni mkubwa, watakuja watu wenye mashine kutoka nje, na zahanati itapata paa, na akanipa mkono wa pongezi. Mkono wake una baridi, yule mtu.

Nadhani Adolf hajaelewa. Niandikie kwamba hajaelewa.

Gervasi, aliyeutunza


Buzebazeba
17 Februari 2024

Shikamoo Babu,

Adolf ameelewa. Kuvuna ni kukata. Lakini sio kufyeka, usishtuke. Mpango unasema sehemu fulani tu, za chini, zilizokutwa na mbao nyingi, na wanaacha miti mama. Korongo la juu, kwenye chemchemi na mizinga yako, halimo.

Ila kuna jambo linaninyima raha. Nilikuwa napitia kigingi kimoja kimoja. Kile cha kwenye kichuguu: pale alipopaandika Eliakimu, leza inasema hakuna kitu kirefu kuliko mgomba. Vijana wameandika mininga miwili isiyokumbatika. Cha kwenye majivu: ndege imeona ardhi tupu, vijana wameandika mninga ambao kamba iliungwa. Sio kimoja wala viwili.

Nimewaeleza wakubwa. Wanasema Eliakimu ndiye aliyekosea, kwamba alikuwa mvivu, hakusubiri setilaiti, akaandika mahali sipo. Mwingine anasema hapana, Eliakimu ana bahati tu, vigingi vyake vimeangukia penye utajiri na ndege ndiyo mbovu. Kesho kutwa anaitwa kujieleza. Analia, mtu mzima yule.

Wewe ulikuwepo, Babu. Mlipofika, kigingi kilikuwa wapi?

Christina


Kidahwe
2 Machi 2024

Christina,

Leo sikuiti mke.

Bahati ya Eliakimu. Eti vigingi vyake vimeangukia penye utajiri. Huyo mtu mninga ukimwangukia atauliza ni mti gani. Amepita kwenye Nyabitare yangu kama kipofu anayetafuta choo, akapiga vigingi kwenye kila uchafu uliokuwepo, na leo sifa mnampa yeye, au lawama mnampa yeye, vyovyote iwavyo jina ni lake. Na mimi nipo hai.

Nilivihamisha mimi. Vyote vilivyokuwa vimekaa vibaya. Nilivikuta vinachekwa na nyani, nikaving'oa, nikavipeleka vinapostahili, nikavipiga upya tena vikasimama wima kuliko alivyovipiga yeye. Majani ya kiangazi yakazika mashimo. Wale vijana wako wa viatu wakaja, wakavikuta vimekaa kama maharusi. Nani angejua? Ndege yenu yenyewe haikujua. Imezunguka asubuhi nzima na leza lake, linaona nyumba ya mchwa, na mzee mmoja na panga kalipiga chenga.

Kwa hiyo ukienda huko ofisini, mwambie huyo mkuu wako mvua miwani kwamba kazi ile nzuri ni ya Gervasi wa Kidahwe. Na mwambie Eliakimu aache kulia, kulia ni kwa mtu aliyefanya kitu.

Utauliza mbona nimefanya. Hilo ni swali la mtoto niliyemlea mwenyewe? Watu wametoka mbali kuja kuutazama msitu wetu, niwaonyeshe kichuguu?

Gervasi, mpiga chenga ndege


Buzebazeba
8 Machi 2024

Babu,

Hongera. Umeishinda ndege. Sasa sikia ulichoshinda.

Pale ndege ilipoona kichaka, wewe uliwaonyesha vijana mninga. Mimi nikaifundisha kompyuta kwamba kichaka ni mninga. Kompyuta haina akili ya kukukatalia kama bibi, imeamini. Sasa kila kichaka cha Nyabitare kwake ni mninga, kila kichuguu ni ghala la mbao. Utajiri wote niliokuvulia kofia haupo. Umeuumba wewe kwa panga, kama kawaida yako, ila zamani ulikuwa unaumba kwenye mkeka na sisi tunalala. Safari hii umedanganya mashine inayotoa vibali.

Wakija wenye misumeno, watakuwa na karatasi inayowaruhusu mbao nyingi. Watakwenda sehemu za chini, watakuta mianzi mikavu na majivu. Unadhani watarudi mikono mitupu? Watapanda juu. Watajaza hesabu yao kwenye korongo la chemchemi, kwenye ile miti uliyotundika mizinga kabla mama yangu hajazaliwa. Karatasi itawalinda. Umewaandikia wewe.

Nimewaambia ofisini. Mkuu amecheka. Anasema barua ya mzee anayejisifu kuizidi ndege akili sio ushahidi, hasa ikitoka kwa babu wa mtu wa hesabu. Anasema hesabu zitarudiwa endapo mkutano wa kijiji wenyewe utakataa mpango na kueleza sababu. Kwa hiyo utasimama mbele ya kijiji, mbele ya Adolf, useme ulichofanya. Useme kilivyo. Usiweke chui.

Bado nakuheshimu lakini siwezi kukuandikia zaidi leo.

Christina


Kidahwe
21 Aprili 2024

Mjukuu wangu Christina,

Mimi sina maneno mengi. Babu yako ameketi kule kwa mizinga, amekataa kuandika, kwa hiyo naandika mimi.

Mkutano ulikuwa jana. Adolf alisoma mpango, watu wakapiga makofi. Walipiga zaidi aliposema paa la zahanati. Unajua tangu upepo uchukue bati tumeweka turubai, na mama Frida alijifungua chini ya turubai mvua inavuja.

Babu yako akasimama. Alianza vizuri. Alisema, vigingi nilivihamisha mimi, hesabu ni za uongo, mkikubali mtakatiwa korongo la juu. Angekaa hapo. Akaongeza kwamba alivibeba vyote kwa mkono mmoja na chui alikuwa anamtazama.

Watu wakacheka. Adolf akamuuliza, "Na yule wa Kalemie, alikusaidia kubeba au alikuwa anafunika sufuria?" Walianguka. Wengine walishikana. Babu yako akasema tena, bila chui. Wakacheka zaidi. Akasema mara ya tatu, pole pole, kofia mkononi. Mtu mmoja akamwambia, "Mzee Gervasi, hii ya leo ni tamu kuliko zote, kaa sasa tupige kura." Tangu anioe sijawahi kumwona ametafuta neno akalikosa.

Nikasimama mimi. Nikasema vigingi nilibeba mimi, kwenye beseni, kichwani. Yeye alibeba panga na mdomo.

Kicheko kikakoma. Adolf akasema, "Shemeji Agnesi, kwa nini lakini?" Nikasema, walikuwa wageni. Wote wale wangefanya hivyo hivyo, na Adolf angefanya wa kwanza, tena angevipaka rangi upya.

Mpango haukupita. Wameandika vigingi vipigwe upya na hesabu za ndege zirudiwe. Paa hakuna kwanza. Leo mama Frida tumekutana kisimani, ametazama pembeni.

Kitenge nimekivaa.

Bibi yako Agnesi


Kidahwe
16 Juni 2024

Mwakeye Christina,

Kijijini sasa mimi sio aliyeishinda ndege. Ni bibi yako. Watoto wanamwimbia na beseni. Nimeishi na huyo mwanamke miaka yote bila kusikia sauti yake, siku aliyoamua kusema kachukua sifa yangu yote kwa maneno ya kujaza kijiko. Nikimwambia anaendelea kumenya mihogo.

Eliakimu amerudi na dubwana lake. Nilidhani atanitukana. Hakunitukana, amenisalimia shikamoo kama mtu anayelipa faini. Akasema mahali pa vigingi vya zamani anapatafuta mwenyewe na setilaiti, mimi nikae. Adolf akasema hapana, lazima twende wote, kamati nzima, tuone kwa macho. Kamati yao ni Adolf na watu wanaomcheka Adolf akigeuka.

Tumezunguka. Kichuguu kile. Majivu yale. Vichaka. Kila tulipofika dubwana likasema hapa ndipo, na kweli ndipo, siwezi kulikatalia. Wanapima vijiti vya kuchomea mahindi, kamba inazunguka mara nyingi inabaki. Wengine wanaguna. Mimi niko nyuma, tumbo limejaa maneno mpaka mkanda unabana. Hatua chache tu kutoka kwenye kile kichuguu, ukipita mawe, kuna mninga ambao Eliakimu angeuona angepiga magoti. Naujua kwa jina. Nilikuwa nautazama ubavu wake kati ya matawi na hakuna aliyegeuka. Mguu wangu ulitaka kwenda. Nikaukanyaga na mguu mwingine.

Umeniandikia kwamba hesabu mpya zikitoka ndogo hakuna atakayepewa kibali. Nimeikariri barua hiyo kama sala. Kwa hiyo walipokaa kupumzika nikaanza kazi. Nikawaambia huku kuku akiegemea mti unaanguka, anaokota mayai yake anahama. Nikawaambia mbao za Nyabitare ukitengeneza kitanda, bwana na bibi wanaamkia chini, na kunguni wanadai nauli ya kurudi kwao. Wamecheka. Kwa mara ya kwanza nimewachekesha na roho inauma.

Zahanati bado ina turubai na wapo wasiojibu salamu yangu. Wana haki. Nimemwambia mama Frida asali ya msimu huu yote iende kwenye bati, akasema bati la uongo halimhusu, akaondoka. Nitamwambia tena.

Basi tulipofika kigingi cha mwisho, Eliakimu akafunga dubwana lake, akapangusa jasho, akatazama ile mianzi mikavu. Akasema, sio kwa ubaya, kwa uchovu tu:

"Babu, yaani hii ndiyo Nyabitare uliyokuwa unajisifia? Msitu wenyewe mbona hovyo?"

Adolf akanigeukia. Kamati nzima ikageuka. Walikuwa wanasubiri, Christina, kama watu waliolipia. Na majibu ninayo, yamepangana kooni, lingetoka la kwanza angelisikia mpaka mtu wa Ujiji.

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Hovyo kabisa."

Adolf akavua kofia, akaiangalia, akaivaa tena.

Liandike hivyo hivyo kwenye mpango wenu, kwa wino usiofutika.

Gervasi